Kaniki ya Bi Mwatumu

Mtu akiwashwa, ulimi humtangulia kulaumu kabla mkono haujamaliza kujikuna. Wazee waliosema kikulacho ki nguoni mwako walitaka mja aanze kutafuta karibu, kwake mwenyewe, kabla hajamnyoshea kidole mwenziwe. Lakini methali ni kama kisu. Waweza kukatia kitunguu, waweza pia kumtishia jirani. Bi Mwatumu wa Tongoni, mwaka ule wa elfu moja mia tisa hamsini na nne, alikishika kisu hicho kwa namna ya pili.

Bi Mwatumu alikuwa mjane wa makamo, mwenye nyumba ya vyumba vinne na sauti ya kutosha vyumba kumi. Chumba kimoja alimpa Yudith, Mshambaa wa Bumbuli, aliyeshuka pwani kumfuata mumewe Asheri kwenye kazi ya mkonge. Asheri alilala kambini, akaja Jumamosi hadi Jumamosi. Siku nyingine zote Yudith alibaki na Bi Mwatumu na maswali yake. Kwa maswali, binti huyo hakuwa na mpinzani. Maji yakipwa huenda wapi? Pweza kishakufa, kwa nini apigwe tena?

"Mwanangu," Bi Mwatumu alimwuliza siku moja, "huko kwenu mlizaliwa na meno au na maswali?"

"Tulizaliwa na baridi, mama. Maswali nimeyakuta huku."

Waliishi hivyo, kwa utani na kusaidiana, mpaka wiki ya kaniki.

Wanawake wa Tongoni walikuwa na desturi ya kutanda uduvi. Wawili wawili waliingia majini hadi kifuani, kila mmoja ameshika ncha za kaniki kuukuu, wakaikokota polepole na kuikusanya ikiwa imejaa vidagaa na uduvi. Mwenzi wa Bi Mwatumu katika kazi hiyo alikuwa wifi yake, Saleha. Jumatatu ile walipata kapu zima. Kisima kilikuwa kimepungua maji, basi Bi Mwatumu hakuisuuza kaniki yake. Aliianika vile vile na chumvi yake. Jumanne jioni wingu lilipotanda, Yudith aliianua, akaikunja vizuri, akaiweka mlangoni kwa mwenyewe.

Jumatano alfajiri Bi Mwatumu alijifunga kaniki ile kwenda kisimani. Wakati wa kurudi ndoo ikamyumbia kichwani, maji yakammwagikia kiunoni na mkononi. Hakufika hatua kumi. Alipiga ukelele ulioamsha kuku wa mtaa wa pili, akaivua nguo ile njiani, akabaki na gauni la ndani, ngozi ikimwaka kama aliyemwagiwa makaa.

"Upupu," alisema aliporudi, akihema. "Nimetiliwa upupu. Nani aliianua kaniki yangu?"

"Mimi, mama," alijibu Yudith. Bi Mwatumu akamgeukia Saleha, aliyekuja mbio kwa ukelele ule.

"Umesikia, wifi? Kakiri mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemlaza ndani, nimemgawia mchuzi, kumbe nafuga nge."

Maneno hayo yalipata mbolea haraka. Mtu akakumbuka kwamba Jumanne Yudith alionekana akitoka vichakani na mzigo wa kuni, mahali ambapo upupu unaning'inia kama mikia ya paka. Mwingine akakumbuka kwamba Jumapili walizozana, kuku wa Bi Mwatumu walipofukua miche ya maharage ya Yudith. Jumbe Uweso, mtu asiyependa kesi kulala kwake, aliwasikiliza akiwa amesimama.

"Binti, una mpaka Ijumaa baada ya sala," alisema. "Ukiwa na la kujitetea, ulilete. Usipokuwa nalo, funga mzigo wako."

Yudith alijua uzito wa kauli hiyo. Toka Tongoni mpaka Mwera hapangekuwa na mlango wa kumfungukia mwanamke mwenye jina la kutilia watu upupu. Angerudi Bumbuli peke yake, na jina lile lingemfuata nyuma kama mbwa. Aliogopa. Lakini hata katikati ya hofu, swali moja lilikuwa likimkereketa kama mwiba wa samaki kooni. Upupu aliujua tangu utoto. Wavulana wa shule ya misheni waliwarushia wasichana, nao walitoka vipele vilivyotawanyika kama ulezi uliomwagika. Je, huyu mama alikuwa na vipele hivyo?

Saleha alipokwenda kumpaka mgonjwa majivu, maana ndiyo dawa ya upupu, Yudith alimfuata hadi kizingitini, akachungulia. Hakuona ulezi. Aliona mistari mirefu, myekundu, iliyopindana kiunoni na mkononi, kama mtu aliyechapwa kwa nyuzi za moto. Saleha alisugua kwa majivu na mchanga, kisha akamwagia maji ya kisima. Mgonjwa akaguna na kuuma mto.

"Bi Saleha," Yudith alinong'ona Saleha alipotoka, "kila mkimwagia maji anazidi. Umeona?"

"Niache, mwanangu. Nikionekana nasema nawe, nitahamishwa nikufuate huko kwenu kwenye ukungu."

"Na hiyo iliyo mkononi mwako ni nini?"

Saleha alitazama kifundo cha mkono wake. Palikuwa na mstari uliofifia. "Hii? Konyeza huyo. Alinipitia Jumatatu tukitanda. Nilitia siki, pakatulia."

"Konyeza ndiye nani?"

"Wa milimani nyie mna raha. Ni dude la baharini, Yudith. Laini, angavu, lina nyuzi zinazoning'inia. Nyuzi zikikugusa, utaimba. Wako tele ufukoni, maji yamewatupa. Lakini wale wamekufa. Konyeza akishakufa ni maji tu, hata kuku hamtaki."

"Nani aliyejaribu?"

Hakuna aliyejaribu. Lilikuwa neno walilorithi tu, kama kinu cha bibi.

Maji yalipokupwa Yudith aliteremka ufukoni. Aliwakuta, wamelala mchangani kama uji wa wanga uliopoa, baadhi hawazidi ngumi ya mtoto. Hakumgusa hata mmoja kwa kidole. Kwa kijiti aliinua nyuzi za mmoja aliyekwisha kunywea, akazilaza juu ya kigae, akakianika juani siku nzima. Alhamisi adhuhuri nyuzi zile zilikuwa zimekauka, nyembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Akadondoshea tone la maji ya kisima, akagusisha ncha ya uzi mmoja kwenye mkono wake wa kushoto.

Alingoja, akihesabu pumzi. Ya tatu haikutimia. Moto ulipita ngozini, na nyuma yake ukainuka mstari mwembamba, mwekundu. Yudith aliuma midomo, akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Akakimbilia siki ya Saleha.

Ijumaa baada ya sala, Jumbe Uweso alifika na watu wake, akiwemo mvuvi Mwinyijuma. Bi Mwatumu alikuwa kitandani, mlango wazi, mkono umevimba na mwili una homa. Kaniki ilikuwa kapuni chini ya kitanda, imefungiwa kama mwizi.

"Sitaki kumsikia," alisema Bi Mwatumu, Yudith alipoingia.

"Basi usinisikie, mama. Nina kitendawili."

Tongoni nzima hapakuwa na mtu aliyeweza kuacha kitendawili kining'inie. Bi Mwatumu alipambana na nafsi yake, akashindwa.

"Tega," alisema, uso ukiwa ukutani.

"Hana jino, hana mfupa. Kafa juzi, kakauka jana, leo kauma."

"Pilipili," alisema Jumbe.

"Pilipili haikutembea ikiwa hai."

"Upupu, na weye wajua," alisema Bi Mwatumu.

"Upupu hauchori mistari, mama. Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Tanga."

"Tanga nina nini nako? Nipe Tongoni."

Watu walitazamana. Bi Mwatumu aligeuka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akamtazama usoni. "Toa jibu kwanza," alisema. "Mji nitaufikiria."

Yudith aliomba kapu. Kwa kijiti aliukunjua upindo wa kaniki, na hapo, katikati ya mishono, zilionekana nyuzi kavu zimeng'ang'ania. Aliulowesha upindo kwa maji ya kisima, akaweka mkono wake wa kulia. Mstari ukainuka mbele ya macho ya wote. Akauweka mkono huo kando ya ule wa kushoto, akamwita Saleha alete wake. Hapakuwa na haja ya kuuliza mistari hiyo na ile ya Bi Mwatumu imetoka wapi.

"Konyeza," Mwinyijuma alisema taratibu. "Na nyie mmemsugua mchanga na kumwagia maji baridi siku tatu? Mmekuwa mkiziamsha nyuzi moja moja."

"Tulidhani upupu," Saleha alijibu kwa sauti ndogo.

Yudith alimimina siki ya mnazi juu ya mistari, akangoja, kisha akachokoa vijinyuzi vilivyobaki kwa kijiti. Bi Mwatumu alifumba macho. Baada ya kitambo mabega yake yalilegea.

"Tongoni nimekupa," alisema.

Tangu wiki ile kinamama waliwafundisha hata watoto wao waogeleaji namna mpya ya kuingia majini. Kwanza ufuko hutazamwa. Wakiwapo konyeza waliotupwa mchangani, hai wako majini, na siku hiyo haogelei mtu. Anayelazimika huingia na nguo ndefu, na nguo hiyo haivaliwi tena kabla haijafuliwa kwa sabuni na maji ya moto. Aliyeguswa hutoka majini upesi, hasuguliwi. Husuuzwa kwa maji ya bahari, hutiwa siki, na akianza kubanwa na pumzi hapotezewi muda, hukimbizwa hospitali Tanga mjini. Na konyeza mfu hashikwi.

Jumamosi Asheri alifika, akamkuta mkewe na Bi Mwatumu wanakula sahani moja. Jumbe Uweso naye akapita na daftari lake, maana kesi iliyofunguliwa lazima ifungwe.

"Niandike nani mkosaji?" aliuliza. "Aliyekutilia jambo hili ni nani hasa?"

Bi Mwatumu alinawa mikono kwa utulivu, akajifuta.

"Mie mwenyewe nilimtoa baharini, Jumbe. Nikamleta kwangu, nikamwanika, nikajifunga naye kiunoni, kisha nikamshika mtoto wa watu. Usiandike jina la mtu. Andika hivi: kikulacho ki nguoni mwako."