Vitambaa vya Madumu ya Mzee Kiangi

La tangini humwagwa, la injini huzikwa.

Jana mlimsikia baba yenu akimwambia mdogo wake maneno hayo kwenye simu, mkaja jikoni kuniuliza ni tangi gani na injini gani, maana baba yenu mwenyewe hana gari. Kaeni basi. Naetwe, endelea kumenya ndizi, mikono haizuii masikio. Methali hii ilianza hapahapa kwetu mlimani, na ilianza hivi.

Nilikuwa mke wa mwaka mmoja na nusu, na baba yenu, Elinihaki, alikuwa bado mgongoni. Nilikuwa nimetoka bondeni, ambako baba yangu alikuwa na duka lililouza pia mafuta ya magari. Huku juu nilikuta gari moja tu, Landrova ya chama cha wakulima wa tangawizi, na dereva mmoja tu, Mzee Kiangi, mtu mrefu mwenye mikono ya polepole.

Kituo cha mafuta hakikuwepo mlima mzima. Mzee Kiangi alikuwa akileta mafuta kwa madumu na kuyaweka kwenye kibanda kilichopakana na nyumba yetu. Dizeli ilikuwa ya Landrova. Petroli ilikuwa ya pikipiki ya bwana shamba. Madumu yote yalikuwa ya njano na yalifanana kama mayai, kwa hiyo Mzee Kiangi aliyafunga vitambaa kwenye mpini: cheusi cha dizeli, chekundu cha petroli. Hakuandika kitu, maana wengi hatukujua kusoma, na kitambaa hata mtoto anakiona.

Sasa, mama mkwe wangu, bibi yake baba yenu, aliitwa Nakijwa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili miaka mitatu kabla mimi sijaolewa. Uso wangu hakuujua. Alinijua kwa sauti na kwa nyayo. Baba yenu alipozaliwa alimpapasa uso kwa vidole taratibu, paji, pua, kidevu, kama mtu anayechambua maharage. Na sikilizeni jambo hili: ingawa hakuona, kila asubuhi alinitangulia jikoni akawasha moto, ili mimi mwenye mtoto mchanga nisiamke kwenye baridi. Hakuwahi kulisema. Nilikuta tu moto unawaka.

Mwezi wa saba tukapata habari kwamba madaktari wa macho wamefika hospitali ya bondeni. Wangekaa siku tatu, kisha wasirudi mpaka baada ya miaka miwili. Siku mbili za kwanza mvua ilinyesha na barabara ikateleza, gari halikutoka. Ikabaki siku ya tatu. Chama kikakubali Landrova impeleke mama asubuhi, na mimi nimsindikize.

Jioni ya kuamkia safari nilitaka kumfanyia mama jambo zuri. Gari lile lilikuwa likibeba tangawizi na mbuzi. Nikafagia ndani, nikafuta viti kwa maji ya sabuni. Nilipokwenda kibandani kurudisha ndoo nikaona vile vitambaa vya madumu, vimekakamaa kwa mafuta na vumbi. Nikavifungua vyote, nikavifua, nikavianika juu ya jiko. Vilipokauka nikarudi kuvifunga.

Nilifungua kila dumu nikanusa, nikajua lipi ni lipi. Hapo sikukosea. Nilikosea pengine. Dukani kwa baba yangu chekundu kilikuwa cha dizeli na cheusi cha petroli, na nilikulia na alama hizo tangu nikiwa mdogo. Sikujiuliza kama huku ni tofauti. Anayejua haulizi, na mimi nilidhani najua. Nikafunga kila kitambaa vizuri, nikaenda kulala nimeridhika.

Kulipokucha ukungu ulikuwa mzito. Majirani walikuja kumuaga mama. Alikuwa tayari ameketi mbele, amevaa kanga yake mpya, mikono kwenye magoti. Nikatoka na mtoto mgongoni na kapu la viazi vya njiani. Mzee Kiangi alikuwa anafunga kifuniko cha tangi. Alikuwa na mafua makali, pua imeziba, anapumua kwa mdomo. Miguuni pake palikuwa na dumu tupu lenye kitambaa cheusi.

Nikawaza: kwa nini ameweka petroli? Kisha harufu ikanifikia, nikaelewa yote.

Wajukuu zangu, nilisimama pale na kapu langu. Nilijiambia labda magari ya huku hula yote mawili. Nilijiambia nikinyamaza hakuna atakayejua ni nani. Niliwaza watakavyosema: mke wa bondeni amemnyima mama mkwe macho yake. Mzee Kiangi akazunguka gari, akapanda, akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Baba, usiwashe."

Hakunisikia. Nikarudia. "Baba Kiangi, usiwashe. Umeweka petroli. Mimi ndiye niliyebadilisha vitambaa."

Mkono wake ukabaki hewani.

Hapo kila mtu akawa fundi. Mchome, ambaye aliwahi kuwa utingo wa lori, alisema si neno, tuteremke kwa kasi tu, petroli itakuwa imeungua yote kabla ya daraja. Shemeji yangu Senzota alisema tujazie dizeli juu yake, itaizamisha. Mama Nahumbwe alisema yeye haoni kosa, petroli ni ghali zaidi, basi gari si litakwenda vizuri zaidi? Mzee mmoja mwenye kiko mdomoni akatikisa kichwa, akasema gari hilo limeshakufa, ni kama ng'ombe aliyekunywa dawa ya josho, tumteremshe mama tu akapumzike.

Niliona vidole vya mama vikiukunja upindo wa kanga.

Mzee Kiangi akashuka. Alikohoa kwanza.

"Nani amegeuza ufunguo?" akauliza.

Akajijibu mwenyewe.

"Hakuna. Basi gari halijanywa. Limeshika mdomoni tu, litatema." Akamgeukia Mchome. "Wewe ukiteremka nalo kwa kasi, utaifikisha petroli kwenye pampu. Dizeli ina ulaini wake, inailainisha pampu. Petroli inaikausha, chuma kinasuguana na chuma. Ungefika darajani, ndiyo, kwa miguu."

Watu wakacheka, hata Mchome.

"Na kuongeza dizeli juu?" akauliza Senzota.

"Mchuzi ukizidi chumvi unaongeza maji. Huu si mchuzi."

Akamwomba yule mzee aende na kiko chake mbali, nyuma ya nyumba, na akaagiza moto wote wa karibu uzimwe. Kisha akalala chini ya gari kwenye tope na spana yake. Wanawake wakaleta beseni na ndoo, kila mmoja alichokuwa nacho. Mama Nahumbwe alileta beseni lake jipya la bluu, ambalo hata maji ya kuoga alikuwa hajalitilia. Tangi likatema mpaka tone la mwisho. Mzee Kiangi akapitisha dizeli kidogo kulisafisha, ikatoka nayo, akafunga, ndipo akajaza kutoka dumu lenye kitambaa chekundu, baada ya kunipa mimi ninuse. Mtu mmoja aliomba ile iliyomwagwa akaitie kwenye koroboi. Mzee Kiangi akakataa, akasema taa itamlipukia usoni, akaifungia mbali.

Jua lilikuwa limeshapanda. Nilisimama nikingoja kugombezwa. Mzee Kiangi akakiokota kile kitambaa cheusi, akakipeleka puani, ingawa pua yake ilikuwa haisikii kitu.

"Miaka sita havijaonja sabuni," akasema. "Asante, mama Elinihaki. Kosa nusu ni langu. Niliweka alama, lakini maana yake nilibaki nayo kichwani mwangu peke yangu."

Sikuwahi kumsikia akilitaja kosa lile tena mbele ya watu.

Njiani mama aliutafuta mkono wangu, akaushika. Aliushika mpaka bondeni. Tulipopita kwenye kona kubwa, Mzee Kiangi akatuonyesha lori kuukuu, halina magurudumu, kuku wanaingia na kutoka dirishani. Alisema dereva wa lori lile alikuwa rafiki yake. Alitia petroli asubuhi moja, akajua kabla hajatoka, lakini tajiri wake alikuwa amesimama mlangoni, akaona aibu kusema. Akawasha. Lori lilikwenda mwendo wa kuchemsha chai, kisha injini ikaanza kugonga kama nyundo, lori likazima. Pampu ikafa, injini ikafuata.

"La tangini humwagwa," akasema Mzee Kiangi, macho yake barabarani. "La injini huzikwa. Mwanzo wa makosa yote mawili ni mmoja. Kilichotofautiana ni nani alifungua mdomo kabla ya ufunguo."

Tulifika hospitalini saa saba. Muuguzi alikuwa anakunja mkeka wa wagonjwa. Alimtazama mama, akatazama tope kwenye shati la Mzee Kiangi, akaukunjua mkeka tena. Mama alikuwa mtu wa mwisho kutibiwa macho mwaka ule.

Kesho yake muuguzi alimfungua bandeji. Nilikuwa nimemwandaa baba yenu, nimempaka mafuta, nimemshika mbele yake ili awe kitu cha kwanza kuonekana. Mama akapepesa, machozi yakamtoka kwa ajili ya mwanga. Kisha macho yake yakapita juu ya kichwa cha mtoto, yakaja kwangu. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe sura yako ndiyo hii," akasema. "Sauti niliifahamu jana asubuhi. Kabla ya jana nilikuwa naisikia tu."

Ndipo akanyoosha mikono akampokea mjukuu wake, akacheka kuiona pua aliyoijua kwa vidole.

Mzee Kiangi amekufa siku nyingi, na Landrova haipo. Mama naye alituacha, akiwa ameona wajukuu saba. Mimi bado naamka kabla ya wote, nawasha moto, kwa sababu nilijifunza kwake. Na baba yenu, aliyekuwa mgongoni asubuhi ile bila kujua kitu, jana alimwambia mdogo wake asingoje wiki nyingine, aende leo kwa mkewe aseme kosa lake, lingali dogo, halijafika mbali. Simu ilipokatika nilimsikia baba yenu akivuta pumzi, nami nikajua mwanangu yule mdogo atasema.

Basi mkiulizwa tangi gani, semeni ni la gari lililompeleka bibi wa baba yenu, Nakijwa, kupata macho yake. La tangini humwagwa, la injini huzikwa.