Midomo ya Magome

Mwaka ule ukame ulikuwa mkali hata vyura wakanyamaza. Mto mzima ulibaki kidimbwi kimoja, na kando ya maji, ndani ya shimo, Mama Kinyamadege alikuwa akiatamia mayai yake mawili. Mwenyewe kiroja kweli: mdomo wa bata, mwili wa mnyama, anataga kisha ananyonyesha. Ndege walimkana, wanyama wakamkana, na watu wa ukoo wake walikuwa wamepungua hata hakuna aliyejua waliko.

Desturi ya Mfalme Simba ilikuwa hii: mnyama ambaye ukoo wake unakwisha, shimo lake haliguswi. Fisi, ambaye tumbo lake halikujua kushiba, hakuipenda hata kidogo. Akaenda barazani, hapo hapo kando ya kidimbwi.

"Mfalme, Kinyamadege wamejaa tele! Mayai mawili yakiliwa, nani atajua?"

"Mwongo huyu!" akalia Mama Kinyamadege. "Tangu mume wangu atoweke sijaonana na mwenzangu. Mayai haya ndiyo yote niliyo nayo!"

Simba hakupenda kuonekana hajui jambo. Akaguna. "Fisi, walete niwaone. Ukiwaleta, shimo ni lako."

Kesho yake likaja kundi zima, limetota maji, midomo mipana usoni, likijikokota kwa matumbo.

"Kumbe kweli wamejaa," akasema Simba. Mama Kinyamadege aliangua kilio, maskini.

Sungura alikuwa nyuma akitafuna majani makavu. Akawatazama wageni, akatabasamu.

"Mfalme, wageni wetu wametoka mbali. Tuwaache na njaa?" Akawatupia mfupa.

Loo! Kundi lote liliurukia. Kamba zikakatika, midomo ya magome ikaanguka, zikabaki nyuso za fisi watupu: wajomba, mashemeji, hata bibi yao asiye na meno, wote wakinyang'anyana. Fisi mwenyewe alikuwa mbele yao.

"Bwana Fisi," akauliza Sungura, "shemeji zako wameanza lini kutaga?"

Baraza zima lilicheka. Simba aliona haya, kisha akakasirika. Akaamuru Fisi afungwe gome mdomoni na alinde shimo mpaka mayai yaanguliwe. Vitoto vilipotoka, vidogo kama maharagwe, Fisi alikuwa amesimama mlangoni, hawezi hata kulamba.

Nawe ukimsikia mtu akiapa kwamba viumbe fulani wamejaa tele, mtazame kwanza kama anadondokwa na mate.