Mkono wa Mwadime

"Sifa za mwenyeji, muulize mbwa wake." Mmemsikia shangazi yenu akiisema, mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, kitendawili kwanza! Nimemfokea asubuhi, jioni kanipokea kwa furaha. Mmeshindwa? Nipeni mji, basi. Ni mbwa. Na methali yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya mbwa mmoja.

Katika milima ya Taita aliishi mjane aitwaye Mghoi. Mbwa wake alimpa jina la Waache, kwa kuwa majirani walimsengenya sana. Kila jioni alisimama uani akaita kwa sauti, "Waache! Waache!" na wenye masikio wakasikia. Mbwa huyo ndiye aliyefukuza nyani shambani, ndiye aliyelala mlangoni. Mghoi hakuwa na mwenzake mwingine nyumbani.

Siku moja zikaja salamu kutoka Voi. Binti yake Wakesho yu karibu kujifungua, mimba ya kwanza, na miguu imemvimba. Mama aje upesi. Mghoi akafunga mzigo, lakini roho haikutulia. Basini mbwa hapandi. Akimwacha peke yake, atamfuata hadi barabarani agongwe. Akimpa asiyejua kulea, atarudi akute kamba tupu.

"Wahangaika nini?" watu wakamwambia. "Shemeji yako Mwadime si yupo? Nani asiyejua ukarimu wake?"

Akaenda. Kweli, ua ulifagiwa ukafagilika. Palikuwa na banda la mbwa lililoezekwa mabati, nyasi kavu ndani, maji safi. Mbwa wawili wa Mwadime walikuwa wanene, manyoya yanang'aa.

"Karibu, shemeji! Huyu sasa ni mgeni wangu. Atakula nyama mpaka akusahau!"

Mwadime akainua mkono kutungua kofia yake msumarini. Mara mbwa wale wakalala matumbo chini, masikio nyuma, kimya.

"Wana adabu kweli!" Mghoi akasifu. "Huyu wangu hana hata chembe."

"Atakuwa nayo," akajibu Mwadime.

Mghoi akamfunga Waache nguzoni, akaondoka bila kugeuka nyuma, maana mbwa alikuwa akilia.

Aliteremka mlima. Kijitoni mzigo ukateleza kichwani, akainua mkono kuudaka. Hapo akasimama. Nyumbani kwake, mkono ukiinuka, Waache husimama kwa miguu miwili akacheza, kwa kuwa kiporo hukaa juu darini. Mkono wa Mghoi ni ugali. Mkono wa Mwadime je, ni nini, hata mbwa walioshiba walaze matumbo mchangani wakiuona?

Basi lilikuwa karibu kupita, na siku ile hapakuwa na jingine. Akatazama chini barabarani, akamwona moyoni Wakesho na miguu yake. Akatazama juu. Akapanda mlima mbio, kanga mkononi.

"Kulikoni, shemeji? Umesahau nini?" Mwadime akauliza.

"Nimesahau mbwa."

Mwadime akacheka. "Mbwa umemwacha, hukumsahau."

"Basi nimebadili nia. Naomba unirudishie."

Kicheko kikakatika. "Unaniaibisha, Mghoi. Watu watasemaje? Nimemkosea nini, hata hajalala kwangu?"

"Hujamkosea. Ni mimi na moyo wangu mwoga."

"Mwoga wa nini? Litazame banda!" Akainua mkono kulionyesha.

Mbwa wakaanguka chini. Na Mkawasi, mkewe, aliyekuwa akipepeta mahindi kando, akakunja shingo akafumba macho. Ungo ukamponyoka, punje zikatawanyika ua mzima.

Mwadime akautazama mkono wake uliokuwa bado juu, akaushusha taratibu kama mtu aliyefumaniwa.

Mkawasi ndiye aliyefungua kamba. "Mchukue, dada," akanong'ona. "Mchukue upesi."

"Na wewe?"

Mkawasi akainama kuokota mahindi.

Mghoi na Waache wakateremka wakikimbia hadi kwa Saru, bibi aliyekaa kando ya barabara, ambaye mdomo wake uliogopwa na kila mtu. Kwake mavi ya kuku kila mahali, na mbwa mzee amejilaza katikati ya mlango.

"Ondoka hapo, mvivu we! Umegeuka kizingiti?" Saru akafoka, mwiko juu.

Mbwa akafumbua jicho moja, akatikisa mkia, akalala tena. Saru akamruka akatoka nje. "Nawe unahema hivyo, umeiba?"

"Nitunzie mbwa wangu, mama."

"Sina nyama mimi. Atakula nilacho."

"Yatosha."

Honi ikalia konani.

"Si nilisikia anakwenda kwa Mwadime, kwenye mabati? Kuna kasoro gani?"

"Sifa zake niliwauliza watu, mama. Sikuwauliza mbwa wake." Mghoi akamnyoshea kamba. "Akiinua mkono, wanaanguka chini, na mkewe hujikunyata vilevile."

Saru akaushusha mwiko. Kisha akaishika kamba. "Nenda kwa mwanao. Kwa Mkawasi nitapanda mimi leo leo. Mdomo huu una kazi."

Wakesho alijifungua salama. Mghoi aliporudi alimkuta Waache amelala mlangoni kwa Saru, mgongo kwa mgongo na yule mbwa mzee, na ndani Mkawasi akisonga ugali. Wazee walikuwa wameitwa kuamua shauri lake na Mwadime.

Tangu hapo, wazazi wa kule wakienda kumtazama mchumba wa binti yao, hawahesabu ng'ombe kwanza. Huketi, husubiri mwenye nyumba ainue mkono, nao hutazama chini, walipo mbwa. Watu wote watakusifia mtu, wajukuu zangu, lakini sifa za mwenyeji, muulize mbwa wake.