Kibuyu cha Vicheko

Paukwa! Itikieni pakawa, lakini polepole. Hadithi hii haitaki kelele.

Alikuwepo mrina asali, Chande, na mkewe Siwema, aliyekuwa akicheka mpaka kuku wanashtuka. Zimwi la msituni halikujua kucheka, na kijicho kikalitafuna. Likajigeuza mzee, likampa Chande kibuyu.

"Mwanangu, hiki hunasa vicheko vya nyumbani kwako ukiwa huku. Mimi sisemi neno. Sikiliza mwenyewe."

Chande akakizibua, akamsikia Siwema anacheka. Siku ya pili akazibua, anacheka. Siku ya tatu anacheka, na mtu mwingine anacheka naye.

"Yuko na nani?"

"Mimi mzee tu, baba. Nitajuaje?"

Chande akarudi nyumbani. Hakuuliza kitu. Alimtoa Siwema nje gizani, akakomea mlango.

"Mume wangu, nimekosa nini?" Siwema aliuliza mara tatu. Ya tatu hakuimaliza, maana zimwi lilikuwa limejibanza nyuma ya mgomba.

Asubuhi mama yake Chande akaja na uji. "Siwema yuko wapi? Jana kanivunja mbavu, anaigiza unavyowakimbia nyuki!"

Chande akapokea bakuli. Akanywa, wala hakujua kama uji ni wa moto.

Huko msituni zimwi likacheka kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya Siwema.

"Kumbe huyo, kaenda kuni," mama akasema. "Mwite, mwanangu. Uji wake unapoa."