Kiboko Mfunga Maswali

Nibishe hodi?

*Bisha, tumo.*

Nina kisa mkononi, sijui kichwa chake wala mkia wake.

*Tutakishika hivyo hivyo.*

Na kikituponyoka?

*Tutakimbizana nacho.*

Haya, kaeni vizuri. Na wewe Mwanakombo uliyesomea kompyuta, sogea karibu yangu, maana kuna mahali nitakwama. Ila usinikate kauli kila mara. Msimulizi ni mimi.

Hapo zamani, si zamani sana, wanyama wa Bonde la Kirungu walikuwa mafundi wa kompyuta. Msiniulize walibonyezaje na kwato. Walibonyeza. Walikuwa na baraza lao mtandaoni, tovuti ya kuulizana mambo ya programu. Ukikwama, unaandika swali. Anayejua anakujibu. Jibu likikufaa unabonyeza nyota, na aliyekujibu anapata pointi kumi.

Pointi ni nini? Ndipo hapo. Pointi hailiwi, haivaliwi, huwezi kwenda nayo sokoni ukarudi na dagaa. Ni namba tu pembeni ya jina lako. Lakini wanyama walizipenda, wakazigombania, wakanuniana kwa ajili yake, na mimi hadi leo sielewi.

Aliyezitunga pointi alikuwa Pimbi, yule mdogo wa majabalini, hana pembe wala mkia. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa baraza. Alikaa akatunga kanuni arobaini. Kanuni ya tisa ilisema, mwenye pointi elfu hamsini au zaidi aruhusiwe kufunga maswali ya wenzake yaliyokwisha kuulizwa, na msimamizi asimwingilie. Kanuni ya kumi ikasema, kila akifunga swali apate pointi mbili za usumbufu. Pimbi alidhani amefanya jambo la maana.

Mwenye elfu hamsini alikuwa mmoja tu, Kiboko. Na Kiboko, tusimseme vibaya, alikuwa fundi. Kwa programu za maji na pampu hakuna aliyemfikia. Zamani alijibu watu vizuri. Lakini siku moja akagundua kitu. Kujibu, lazima usome swali, ufikiri, uandike, nusu siku imekwisha. Kufunga ni kidole kimoja.

Pa! "Limeshaulizwa." Pointi mbili.

Pa! "Limeshaulizwa." Pointi mbili.

Basi Kiboko akawa hajibu tena. Anafunga. Ukiuliza, anafunga. Ukiuliza kwa nini amefunga, anafunga na hilo.

Siku moja akaja Digidigi, mama mmoja mpole, mgeni barazani. Alikuwa na bustani ya nyanya, miche mia mbili, na hakuwa na kitu kingine duniani cha kumlisha. Alinunua pampu ya maji, akaifungia kompyuta ndogo, akaiandikia programu kwa mkono wake: saa kumi na mbili asubuhi washa, saa moja zima. Kulipokucha akasimama kwenye miche, akangoja. Kimya. Jua likapanda, likafika utosini, ndipo pampu ikakohoa. Kho! Ikazima. Kesho yake vile vile. Kimya asubuhi, kho adhuhuri, kimya tena. Siku ya tatu miche ikalegea shingo.

Digidigi akaandika barazani: "Shikamooni wakubwa zangu. Habari za hapo? Mimi mwenzenu nina shida ya pampu." Akaeleza yote, na programu yake akaibandika chini.

Kiboko akasoma mpaka "shikamooni" akaishia hapo. Salamu zilikuwa hazitakiwi, kanuni ya tatu, eti zinajaza nafasi. Akamkata pointi mbili. Digidigi ni mgeni, ana sifuri. Sifuri ukitoa mbili anabaki na ngapi? Mwanakombo anasema hasi mbili. Mimi sijui mtu anapungukiwaje na kitu ambacho hana, lakini haya, hasi mbili.

Halafu, pa! "Limeshaulizwa. Tazama swali la Nungunungu."

Digidigi akaenda kwenye swali la Nungunungu. Nungunungu alikuwa anauliza habari ya taa ya bafuni, na chini yake pameandikwa: "Limeshaulizwa. Tazama swali la Kanga." Akaenda kwa Kanga. Kanga alikuwa anauliza habari ya kengele ya mlango, na chini yake: "Limeshaulizwa. Tazama swali la Nungunungu." Akarudi kwa Nungunungu. Nungunungu akampeleka kwa Kanga. Kanga akamrudisha kwa Nungunungu. Kichwa kikamzunguka.

Akazima kompyuta, akapanda majabalini kwa Pimbi.

"Hodi, kaka Pimbi."

"Karibu, dada. Mbona umechoka hivyo, umetoka wapi?"

"Nimetoka kwa Nungunungu nikaenda kwa Kanga, nikarudi kwa Nungunungu."

"Kwa miguu?"

"Nimekaa kwenye kiti. Kaka, nyanya zangu zinakufa. Zikipita siku mbili sina changu."

Pimbi akamhurumia. Akalifungua swali lake, ingawa kanuni yake mwenyewe inamkataza. Pa! Kiboko akalifunga. Pimbi akalifungua. Pa! Akalifunga. Mara tatu, na Kiboko akawa amejipatia pointi sita bila jasho.

Pimbi akamwandikia: "Mzee Kiboko, huyu mama ana shida ya kweli."

"Kanuni ya tisa," Kiboko akajibu.

"Naijua kanuni ya tisa."

"Nani aliyeiandika?"

"Mimi."

"Basi."

Pimbi akakaa juu ya jiwe, akajuta. Amejifunga kwa kamba aliyoisuka mwenyewe, na kanuni haibadilishwi mpaka wanabaraza wenyewe wakubali. Akajuta mpaka akachoka kujuta, halafu akateremka akaandika tangazo.

"Wapendwa wanabaraza. Kuanzia sasa, anayefunga swali hapati tena pointi mbili. Anapata kumi."

Na chini yake akaandika kanuni mpya, ya arobaini na moja. Hakuificha. Aliiandika kwa herufi zile zile: "Swali likifungwa, pointi zote zilizopatikana kwa majibu yake zinarudi ghalani." Chini kabisa akaweka kitufe: "Nimesoma, nimekubali."

Nani husoma? Wewe pale, huwa unasoma? Mwanakombo ameinama, naye hasomi. Kiboko aliona kumi, akabonyeza.

Pa! Kumi. Pa! Kumi. Pa, pa, pa! Akayamaliza maswali ya wiki ile. Akaingia ya mwezi uliopita. Akashuka mpaka ya miaka ya nyuma, yale aliyoyajibu mwenyewe zamani alipokuwa mtu wa kujibu. Akakuta swali la Mamba, habari ya lango la maji, ambalo jibu lake wanyama arobaini walilibonyezea nyota, likampatia pointi mia nne.

Pa! Kumi zikaingia, mia nne zikatoka.

Kiboko akatazama namba yake. Ilikuwa elfu tisini na mbili. Sasa ni elfu tisini na moja, mia sita na kumi. Akasugua macho. Pa! Ikashuka tena.

"Naibiwa," akasema.

Sasa Kiboko akiona anaibiwa anafanya nini? Anafunga. Pa, pa, pa! Alivyozidi kufunga ndivyo zilivyozidi kupungua, na zilivyozidi kupungua ndivyo alivyozidi kufunga. Tumbili mwenye pointi zake mia saba akabaki hana hata moja, na siku hiyo hata barazani hakuja. Fungo akauliza zimekwenda wapi, swali lake likafungwa. Kila mtu anamuuliza mwenzake, na mwenzake naye anauliza. Hata mimi hapa nauliza.

Ilipofika alasiri hapakuwa na swali lililo wazi, na namba ya Kiboko ilikuwa elfu arobaini na tisa, mia tisa na tisini. Pungufu kumi. Ruhusa ya kufunga ikamtoka.

Pimbi alikuwa anangoja hapo tu. Akafungua swali moja, moja peke yake, la Digidigi. Kiboko akajaribu kulifunga. Kitufe hakipo.

Kapungukiwa pointi kumi. Jibu jema ni pointi kumi. Swali lililo wazi bonde zima ni hilo hilo. Afanye nini? Akalisoma. Akasoma shikamooni, akasoma habari za hapo, akasoma mpaka nukta ya mwisho, na shida akaijua pale pale, maana fundi ni fundi. Ta-ta-ta-ta, akaandika:

"Mama, mashine haijui saa zetu. Sisi tunaanza kuhesabu kunapokucha, yenyewe inaanza katikati ya usiku. Ulipoiambia kumi na mbili imeelewa adhuhuri. Ulipoiambia moja imeelewa saa saba ya usiku, ikaona imeshapita, ikazima. Penye kumi na mbili andika sita. Penye moja andika saba."

Mwanakombo anatikisa kichwa, kaelewa. Mimi niliachwa pale adhuhuri, lakini twende.

Kesho yake, kulipokucha, kho. Kho, kho. Chwaaaa! Maji yakatambaa chini ya miche, na Digidigi akalia kwa furaha. Akaandika chini ya jibu: "Asante sana baba. Mungu akuweke." Akafunga kompyuta, akaenda zake bustanini. Nyota hakuibonyeza. Nani aliyemwambia kuna nyota?

Kiboko akangoja. Namba haisogei. Akangoja. Haisogei. Akatoka majini, akatembea mpaka bustanini kwenda kumwambia yule mama abonyeze. Akamkuta kati ya matuta, tope mpaka magotini.

"Shikamoo baba. Ni wewe uliyenijibu?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Asante, baba yangu. Hebu tazama, zimesimama zote."

Kiboko akatazama. Kweli zimesimama. Akafungua kinywa aseme habari ya nyota, na kinywa cha kiboko mnakijua ukubwa wake, lakini akakifunga tena. Akasikia raha, akaona haya, akasikia raha tena, hata hajui ashike lipi. "Jioni uzimwagilie pia," akasema, akarudi mtoni.

Alipofika akaandika swali. Tangu azaliwe hajawahi kuuliza swali barazani. Akaandika: "Mtu akikwambia asante, ni pointi ngapi?"

Pimbi akaliona. Akazifungua kanuni zake, akasoma kuanzia ya kwanza mpaka ya arobaini na moja. Akarudi, kuanzia ya arobaini na moja mpaka ya kwanza. Hakuna. Yeye mwenyewe aliyezitunga pointi zote, hajui. Swali la Kiboko liko wazi mpaka leo, wanapita wanalisoma, wanakuna vichwa, wanakwenda zao.

Kisa changu nakitua hapa.

*Kimetua, tumekiona.*

Aliyekielewa aende nacho. Ambaye hakukielewa abaki, tukae wote.

Na funzo lake, msije mkasema nimewapotezea wakati, ni hili: usimjibu mtu shida yake kabla hajabonyeza nyota. Na kanuni msizisome, zinachelewesha kazi.