Jina la Boti ya Nyanjige

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, ni hizi za juzijuzi tu ambapo injini za boti zilikuwa zimekwisha kuota mvi, aliishi mjane mmoja katika kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria. Jina lake Nyanjige. Marehemu mumewe alimwachia boti ya abiria, na nyuma ya boti hiyo injini kuukuu inayowaka kwa ufunguo.

Ufunguo huo ndio uliokuwa heshima yake. Bega la kulia la Nyanjige liliwahi kuvunjika, likaunga vibaya. Kuvuta kamba ya kuwashia injini hakuweza. Betri ikiwa na moto, yeye ni nahodha. Betri ikilala, yeye ni abiria ndani ya boti yake mwenyewe.

Na betri ikaanza kulala. Siku moja alikuwa anampeleka bibi harusi ng'ambo. Katikati ya ziwa akazima injini ili atoe wavu ulionasa kwenye pangaboi. Akazungusha ufunguo: kek. Akarudia: kek. Wapambe wakapiga makasia, bibi harusi naye akapiga. Walipofika, bwana harusi alitazama malengelenge viganjani mwa mkewe, akauliza kama ameoa au ameajiri.

Kesho yake akaja Bwire, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, boti inataka mkono wa mwanamume. Niachie usukani, wewe upumzike."

"Nitapumzika kaburini, shemeji. Usinisukume."

Bwire akaondoka akicheka. Lakini Nyanjige alipobaki peke yake aliketi juu ya dumu la petroli, akaogopa kwelikweli. Kisha akainuka, akaenda mwaloni, boti zinapotia nanga, palipojaa watu, akapaza sauti: "Boti yangu naipaka rangi upya! Atakayeifanya injini hii ichaji betri, ndiye atakayeipa jina!"

Jina la boti si mchezo. Husomwa katika kila mwalo.

Wa kwanza kufika alikuwa Masatu, fundi redio. Akakuta vichwa vya betri vimeota ukungu wa kijani, na waya wa ethi umelegea kabisa pale unapofungwa kwenye chuma cha injini. Akasugua kwa msasa, akakaza. Kazi safi. Ila wakati wa kurudisha nyaya macho yake yalikuwa kwa watazamaji, akaweka chanya penye hasi. Cheche! Harufu ya kuungua ikapanda. Akageuza nyaya upesi.

"Nini hicho?" Nyanjige akauliza.

"Kutu, mama. Kutu ikiungua hunuka hivyo."

Betri ikapelekwa kwa Mama Kulwa, anayechajisha simu za watu kwa sola, ikajazwa. Injini ikaitika. Masatu akatembea kifua mbele, lakini si kwa muda mrefu. Asubuhi moja, abiria wamekwisha kuketi: kek.

Safari hii Mama Kulwa akaja mwenyewe na mita yake. "Kujaza nilijaza mimi," akasema. "Sasa nataka kujua kwa nini injini haijazi. Iwasheni."

Nani avute kamba? Bwire, mwenye mkono wa mwanamume, akajitokeza. Akavuta, akavuta, akavuta tena. Mwishowe injini ikawaka, yeye akazimika. Wakampa maji.

Mama Kulwa akapima betri. "Injini ikinguruma, namba inatakiwa ipande ikaribie kumi na nne. Hii imeganda kwenye kumi na mbili." Akapima nyaya zinazotoka kwenye koili inayozalisha umeme ndani ya injini: umeme upo. Akapima umeme unaotoka kwenye rektifaya, kale kadude kanakogeuza umeme wa koili ili betri iweze kuupokea: hakuna kitu. "Koili nzima, betri nzima. Rektifaya ndiyo imekufa. Na hufa hivi mtu akigeuza nyaya."

Masatu akakohoa. "Kumbe ile kutu..."

"Ndiyo, baba," akasema Nyanjige. "Ile kutu."

Wakatafuta rektifaya kila duka ng'ambo; wauzaji wakauliza kama injini hiyo ilishuka na safina. Kisiwani ilibaki injini moja tu ya aina ile, nayo ni ya Bwire. Ilikuwa nyuma ya nyumba yake, kuku wanataga juu yake, naye kila mwaka huapa kwamba mwaka huu ataifufua. Watu wote wakamgeukia. Bwire alijua, na Nyanjige alijua: akinyamaza tu, usukani ni wake.

Akaenda zake. Wakasikia kuku wakigombana. Akarudi na unyoya kichwani na rektifaya mkononi.

"Chukua, shemeji."

"Kwa nini?"

"Nimeivuta ile kamba," akasema Bwire. "Sikujua kwamba hata mkono wa mwanamume hushindwa."

Mama Kulwa akaifunga, akaijaza betri tena kwa sola yake. Nyanjige akazungusha ufunguo. Injini ikaunguruma, mita ikapanda: kumi na tatu, kumi na nne kasoro kidogo. Akaenda hadi katikati ya ziwa, akazima kwa makusudi, akawasha, akazima, akawasha, akicheka peke yake kama mwehu.

Aliporudi, watatu walikuwa wanamsubiri mwaloni.

"Andika *Fundi Hakosei*," akasema Masatu. "Bila mimi kufunga ule waya wa ethi, hata rektifaya mpya ingekuwa pambo."

"Wewe uliyeiunguza!" akasema Mama Kulwa. "Andika *Pima Kwanza*. Bila mita yangu mngekuwa bado mnasugua kutu."

"Mita ilileta habari," akasema Bwire. "Mimi nilileta kifaa, na usukani nikaupoteza. Andika *Asante Shemeji*."

Nyanjige akachovya brashi kwenye rangi. Akamtazama huyu, akamtazama yule, rangi ikidondokea miguuni pake.

Haya, ninyi mliokaa kimya kana kwamba boti haiwahusu: kati ya aliyeanza akaharibu, aliyegundua, na aliyetoa alichoweza kuficha, nani alistahili kuipa boti jina?