Kwale Aliyemzuia Mfalme Kuoga

Haya, wajukuu zangu na majirani, nitoe nisitoe?

— Toa!

Nikitoa mtapokea?

— Tutapokea kwa mikono miwili!

Basi tulieni. Hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa na nchi yao iliyoitwa Kirembera. Mfalme wa nchi hiyo alikuwa Nyati. Alikuwa na roho nzuri, ila alipenda sana kusifiwa.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Mwaka wa pili haikunyesha. Mwaka wa tatu hata wingu halikuonekana. Mito ikakauka, madimbwi yakakauka, ikabaki chemchemi moja tu kule bondeni, katikati ya mawe. Wanyama wote wakaikimbilia hiyo hiyo. Wakasukumana, wakapigana pembe, watoto wakakanyagwa.

Mfalme Nyati akaita mkutano. "Hatuwezi kuendelea hivi," akasema. "Nataka waziri wa maji. Nani anaiweza kazi hii?"

Kiboko akajitokeza, tumbo mbele. "Mtukufu, mimi nimezaliwa majini. Nani anayajua maji kuliko mimi?"

Kweli, nani? Akapewa kazi. Siku hiyo hiyo akaingia ndani ya chemchemi, akaketi. Akamwita mkewe aje amsaidie. Mkewe akamwita dada yake. Dada akaja na wanawe. Siku ya saba Mama Swala alifika na mtoto wake, akakuta matope matupu, na masikio ya viboko yakichungulia.

"Waziri, tutakunywa nini?" akauliza.

"Subiri, mama. Bado nayachunguza."

Mfalme aliposikia, akamfukuza Kiboko.

Nyani akaja mbio. "Mtukufu, shida hapa ni utaratibu! Niachie mimi."

Akapewa kazi. Akajenga ofisi ya matawi, akachonga mhuri wa gome la mti. Ukitaka maji, unapanga foleni ya kuomba kibali. Ukipata kibali, unapanga foleni ya kugongewa mhuri. Ukigongewa mhuri, unapanga foleni ya kuonyesha kwamba umegongewa. Punda Milia alianza foleni ya kwanza Jumatatu asubuhi. Jumatano akafika ya tatu, na hapo hapo akaanguka, puu!

Wenzake walipokuwa wakimpepea, Twiga akanyoosha shingo yake ndefu, akatazama nyuma ya ofisi. "Jamani! Manyani wote wanakunywa huku nyuma, na hakuna hata mmoja mwenye kibali!"

Nyani naye akafukuzwa, na mhuri wake mkononi.

Sasa hakuna aliyeitaka kazi. Mfalme akauliza mara ya kwanza, kimya. Akauliza mara ya pili, kimya. Alipouliza mara ya tatu, sauti nyembamba ikatoka nyasini.

"Mimi."

Alikuwa Kwale, mama wa vifaranga sita. Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Wewe?" Kiboko akasema. "Wewe unakunywa matone mawili tu!"

"Ndiyo maana," Kwale akajibu. "Hata mkiniachia chemchemi nzima, sina tumbo la kuitia."

Kicheko kikakatika. Mfalme akamtazama vizuri. "Unataka nini ili ufanye kazi?"

"Mambo matatu, Mtukufu. La kwanza, tuhesabiwe sote, nijue kila nyumba ina vinywa vingapi. La pili, kila mmoja afanye kazi kwa kadiri ya mwili wake. La tatu, asiruke mtu foleni. Hata wewe."

"Hata mimi!" Mfalme akacheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha. "Nimekubali."

Kesho yake Kwale akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwa Kiboko akauliza, "Una watoto wangapi?"

"Kumi," Kiboko akasema.

"Hongera. Nitajie majina yao."

Kiboko akataja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akakuna kichwa. "Wa nne anaitwa... anaitwa Wanne."

"Basi nimeandika watatu," Kwale akasema, akaenda zake.

Kwa Tembo alimkuta ameinamisha kichwa. "Mama Kwale, mimi nakunywa sana. Naona haya kusema."

"Mwili mkubwa si kosa, baba. Utapewa unachohitaji. Lakini miguu hiyo itatuchimbia bwawa, ili mvua ikija tusiiache ipite."

Tembo akafurahi kweli kweli. Akachimba yeye, akachimba Mhanga, na Kiboko akasukuma matope kwa tumbo lake. Wenye watoto wachanga na wagonjwa walikunywa kwanza, kisha wengine kwa zamu. Wakawa wanaimba:

"Maji machache, sisi wengi,
kunywa, sogea, mwenzio anywe!"

Ikafika sikukuu ya Mfalme. Akamtuma Bweha kwa Kwale. "Mtukufu anataka kuoga leo ang'ae mbele ya wageni. Ondoa watu."

"Mwambie maji ya kuoga hayapo. Ya kunywa yapo, kwa zamu."

Bweha akarudi mara ya pili, Kwale akajibu vile vile. Mara ya tatu akaja Mfalme mwenyewe, kwa hasira, vumbi likitimka. Kwale akasimama mbele ya chemchemi, akatandaza mabawa yake.

"Pisha!" Mfalme akanguruma. "Unajua unasema na nani?"

"Najua, Mtukufu. Nasema na aliyenipa kazi hii. Ukitaka kupita, nikanyage upite. Mimi ni mdogo, hutachelewa. Lakini ukishapita, Kiboko atapita nyuma yako, na Nyani nyuma ya Kiboko. Huyu Mama Swala atapita lini?"

Mfalme akainua kwato. Vifaranga sita wakalia. Akamtazama Kwale, akamtazama Mama Swala na mtoto wake, akatazama wote waliokuwa wakimwangalia. Kwato ikarudi chini taratibu.

"Zamu yangu ni lini?" akauliza.

"Baada ya Ngiri, Mtukufu."

Mfalme Nyati akaenda mwisho kabisa wa foleni, akasimama juani. Akangoja, akangoja, ulimi ukakauka. "Kumbe foleni ni ndefu hivi!" akasema.

"Leo ni fupi, Mtukufu," Ngiri akamjibu. "Ungekuja jana!"

Mfalme akacheka, foleni yote ikacheka. Wageni wakampokea na vumbi lake, wala hakuna aliyelalamika. Tangu siku hiyo hakuruka mtu zamu, kwani nani angethubutu kusema yeye ni mkubwa kuliko Nyati?

Chemchemi ikawatosha mpaka mvua ikarudi. Bwawa likajaa pomoni, wanyama wakacheza ngoma siku tatu, Tembo akiwa katikati. Na msimu wa kiangazi uliofuata haukumuua hata kifaranga mmoja.

Ndiyo maana nawaambia, wajukuu zangu: kazi ya kugawa maji ya wote mpeni asiyeyatamani kwa ajili yake mwenyewe. Na anayetunga sheria, aanze yeye kuifuata, hapo wadogo wataifuata bila kufukuzwa kwa fimbo.

Mimi nimemimina, kibuyu changu kimekwisha. Aliyebakiwa na kiu na aseme!

— Tumekunywa, tumeshiba!